Maswali na Majibu: Samoni Wamepungua, Lakini Nani Kawahesabu?

Barua nyingi zilizotufikia zamu hii zinamhusu samoni, samaki wa kaskazini anayeanguliwa mtoni, akakulia baharini, kisha akarudi kuzaa katika mto uleule. Mito ya Kenya haina samoni wa asili, lakini ndugu zake tunao. Trauti wa kahawia aliyeletwa Mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905 ni wa ukoo mmoja na samoni wa Atlantiki, na trauti wa upinde wa mvua anayefugwa Nyeri ni wa ukoo mmoja na samoni wa Pasifiki. Desemba 2023 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, lilimtoa samoni wa Atlantiki katika kundi la wasiotia wasiwasi na kumweka kwenye kundi la wanaokaribia hatari, baada ya makadirio kuonyesha amepungua kwa asilimia 23 kati ya 2006 na 2020. Maswali yenu yanahusu jinsi tarakimu kama hizo zinavyopatikana na zinavyokaguliwa, nasi tunafurahi mmeyauliza.

Nasomea uzamili Chiromo, na kazi yangu ni takwimu za sato na omena. Jarida moja la ng'ambo limenitumia mswada kuhusu kupungua kwa samoni wa Kanada niuhakiki kwa siku 21. Samoni sijawahi kumwona akiwa hai. Nikatae?
*Msomaji, Ngara*

Usikatae kwa sababu hiyo peke yake. Mhariri hutafuta wahakiki wawili au watatu, na mara nyingi mmoja wao huitiwa hesabu tu. Mjibu siku hiyohiyo kwa sentensi mbili: kwamba utapima takwimu na namna sampuli zilivyochukuliwa, na kwamba biolojia ya samoni apewe mwingine. Kama umewahi kuandika makala na mmoja wa waandishi, au mnagombea ufadhili mmoja, liseme hapohapo. Mswada ni siri. Ukitaka msimamizi wako akusaidie, omba ruhusa ya mhariri kwanza, wala usiupakie kwenye programu ya akili bandia ikufupishie, kwa kuwa hapo umeshautoa nje.

Usome mara tatu. Mara ya kwanza bila kalamu, kisha uandike kwa sentensi moja waandishi wanadai nini. Ukishindwa kuiandika, hiyo tayari ni hoja yako ya kwanza. Mara ya pili soma mbinu na majedwali tu, uache utangulizi na mjadala, maana huko ndiko maneno matamu huficha pengo. Mara ya tatu soma yote huku ukiandika.

Kwa samoni, jambo la kwanza la kukagua ni neno "mwaka". Chukua sokai, yule samoni mwenye nyama nyekundu, wa Mto Fraser nchini Kanada. Wengi hurudi wakiwa na miaka minne. Aliyerudi 2009 alitokana na mayai yaliyotagwa 2005, na alishuka baharini 2007. Samaki ni mmoja, lakini miaka inayoweza kuandikwa kwenye jedwali ni mitatu: wa mayai, wa kuingia baharini, na wa kurudi. Mwandishi akilinganisha joto la bahari la 2009 na samaki waliorudi 2009, amewalinganisha na bahari waliyokuwa wanaiaga. Bahari inayowachuja zaidi ni ile waliyoingia wakiwa wadogo. Kosa hili halionekani kwenye grafu, kwa hiyo lazima uulize.

Umri nao una lugha yake. Ukiona 1.2, maana yake ni msimu mmoja wa baridi katika maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, baada ya kuanguliwa na misimu miwili baharini. Ongeza mmoja aliokaa akiwa yai kwenye changarawe, unapata minne. Wengine humwandika samaki huyohuyo kwa tarakimu 4 yenye 2 ndogo chini yake, ambapo nne ni umri wote na mbili ni mwaka wa umri alioacha maji baridi. Majedwali mawili yenye mitindo hiyo miwili yakiunganishwa bila kutafsiriwa, umri wote unaharibika.

Kisha angalia mzunguko. Baadhi ya makundi ya Fraser hupanda kwa wingi kila mwaka wa nne. Wale wa Mto Adams walikuwa na miaka yao mikubwa 2010, 2014, 2018 na 2022. Anayepima 2013 dhidi ya 2010 kisha akatangaza maangamizi hajapima kupungua hata kidogo. Alitakiwa alinganishe 2014 na 2010. Na wewe uliye mtu wa takwimu, uliza kama hesabu zimezingatia kwamba mwaka mmoja humvuta mwenzake. Miaka 30 ya samoni si mashahidi 30 wanaojitegemea, na mfano wa hesabu unaolisahau hilo hutoa mipaka ya uhakika, yaani ya chini na ya juu ambamo jibu linatarajiwa kuwa, iliyo myembamba kupita ukweli.

Usisahau kuuliza kama samaki ni wa mwituni au wa vituo vya kutotolesha. Huko wengi wa vituoni hukatwa pezi dogo la mafuta lililo karibu na mkia, lakini si wote. Mto unaweza kujaa samaki wa vituoni huku wa asili wakiisha, na jumla ikabaki palepale.

Ripoti yako ianze kwa muhtasari wa madai kwa maneno yako, zifuate hoja kubwa zenye namba, kisha ndogondogo. Taja mstari wa mswada, na kwa kila hoja sema ni kitu gani kitakuridhisha: jedwali fulani, uchambuzi fulani, au sentensi ya kukiri upungufu. Usidai msimu mpya wa mtoni wakati swali linajibika kwa data iliyopo. Usiwalazimishe wanukuu kazi zako. Ukiona siku 21 hazitoshi, mwambie mhariri siku ya tatu, si ya ishirini.

Sisi ni vikundi vinne, viwili hapa Kenya na viwili vya ng'ambo, tunaotaka kulinganisha samoni na samaki wetu wa kuhama. Kila kikundi kina jedwali lake na namna yake ya kuhesabu. Tuyaunganishe vipi?
*Mratibu wa mradi, Westlands*

Msiyaunganishe bado. Kwanza kila kikundi kiandike karatasi moja inayoeleza samaki mmoja anavyogeuka kuwa tarakimu kwenye jedwali lake. Hapo mtagundua kwamba neno "idadi" lina maana nne mezani.

Aliyejenga uzio wenye mlango mtoni amehesabu samaki mmoja mmoja, ila uzio huvunjwa na mafuriko, na mafuriko ndiyo saa samaki wengi hupanda. Mwenye sona, chombo kinachoona majini kwa mawimbi ya sauti, huona usiku na mchana na hata maji yakiwa ya tope, lakini sona haimtambui samaki kwa aina. Lazima pawe na nyavu za majaribio karibu ili kujua mgao wa aina. Aliyetembea kando ya mto ameona sehemu tu, na idadi ya siku ya kilele si idadi ya msimu. Kama mnajumlisha siku za samaki kisha mnagawa kwa siku ambazo kila mmoja hukaa mazaliani, muwe na ushahidi wa siku hizo: 12,000 zikigawanywa kwa siku 10 ni samaki 1,200, zikigawanywa kwa 15 ni 800. Theluthi ya samaki imepotea bila hata mmoja kufa.

Kikundi cha nne huenda kinatumia alama, yaani huwawekea samaki alama, huwaachia, kisha hukagua wangapi wanapatikana tena nazo, na hapa tukae kidogo, maana ndipo penye makosa mengi. Kanuni ya Chapman ya kukadiria samaki wote ni hii: idadi ya alama ongeza 1, zidisha kwa waliokaguliwa ongeza 1, gawa kwa waliopatikana na alama ongeza 1, kisha toa 1. Mmewawekea alama 400, baadaye mkakagua 600, mkakuta 48 wana alama. Hiyo ni 401 mara 601 gawa kwa 49 toa 1, yaani samaki 4,917. Mipaka ya asilimia 95 ni kama 3,700 hadi 6,100. Kwa hiyo anayesema samaki wameshuka kutoka 5,500 mwaka jana hadi 4,917 mwaka huu hajathibitisha lolote.

Sasa tuseme alama zilikuwa zikidondoka. Kwa kweli mliwakuta 64, ila 16 alama zilishatoka, mkawaona kama wageni. Jibu sahihi lingekuwa 3,707. Alama moja kati ya nne ikidondoka, mto unaonekana kuwa na samaki zaidi kwa karibu theluthi moja, na mipaka ya uhakika haikuoneshi kosa hilo kwa sababu inapima bahati tu. Dawa yake ni kuweka alama mbili kwa kila samaki, au alama moja na mkato mdogo wa pezi. Wanaorudi na moja tu ndio wanaowaambia kasi ya kudondoka. Mhakiki mzuri atauliza swali hilo kabla ya mengine yote.

Baada ya karatasi hizo, kubalianeni kamusi ya data: kila safu ya jedwali ina jina gani, kipimo gani, na nani anaruhusiwa kuibadilisha. Kwa uchache muwe na jina la mto na viwianishi vya mahali, tarehe kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku, mbinu ya kuhesabu, saa za kazi mtoni, idadi, na mipaka yake ya uhakika. Sifuri na nafasi tupu ni vitu viwili tofauti: sifuri ni "tulienda, hatukuona", tupu ni "hatukwenda". Mkizichanganya, siku za mafuriko zinageuka siku zisizo na samaki, na mteremko wa grafu yenu utakuwa wa uongo. Data ghafi ifungwe isiguswe, na marekebisho yafanywe kwenye nakala yenye maelezo ya nani kabadili nini na lini.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote: mwongozo wa kazi upelekwe kwa wahakiki wawili wa nje kabla ya msimu, si makala baada ya msimu. Mhakiki akikuta kasoro ya kuhesabu kwenye makala, dawa imeshachelewa na samaki wameshapita. Akiikuta kwenye mwongozo, gharama yake ni barua pepe moja.

Jifunzeni pia kutokana na mpangilio wa wenzetu. Baraza la ICES, lililoundwa 1902 na lenye makao Copenhagen, lina kikosi kinachokusanya hesabu za samoni wa Atlantiki ya Kaskazini na kuandaa ushauri. Anayeupokea ni NASCO, shirika la mkataba lililoanza 1984 na lenye makao Edinburgh, ambako serikali hujadiliana kuhusu uvuvi. Anayehesabu si yule anayegawa samaki. Upande wa Pasifiki kuna NPAFC, tangu 1993, inayounganisha Kanada, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Nanyi tenganisheni hivyohivyo: anayesimamia fedha za mradi asiwe ndiye anayeamua data ipi itupwe.

Kuhusu mikutano, saa kumi na mbili jioni Nairobi ni saa mbili asubuhi Seattle na saa kumi na moja jioni Copenhagen, wakati wa kiangazi chao. Saa zao husogezwa mara mbili kwa mwaka, zetu hazisogei. Andikeni mwaliko kwa saa ya kimataifa ya UTC, na msiandike "saa mbili" kwa Kiswahili kwenye kalenda ambayo mtu wa Seattle ataitafsiri neno kwa neno.

Wanafunzi wangu wanauliza: kama uhakiki upo, mbona wataalamu wa Kanada walikosea vibaya mwaka 2009, na mbona hadi leo hawamtaji muuaji?
*Mwalimu wa biolojia, Buruburu*

Mwaka huo sokai zaidi ya milioni 10 walitazamiwa kurudi Fraser, na waliorudi hawakufika milioni 2. Serikali ya Kanada iliunda tume chini ya Jaji Bruce Cohen. Mwaka uliofuata, tume ikiwa kazini, wakarudi zaidi ya milioni 25. Waambie wanafunzi kwamba utabiri haukuwa tarakimu moja. Ulikuwa masafa mapana, na magazeti yakachukua katikati yake. Pia utabiri ulijengwa juu ya wazazi wa 2005 na uzoefu wa bahari za nyuma, na bahari ya 2007 haikufanana nazo. Uhakiki hukagua kama hesabu imefuata ushahidi. Bahari ya kesho hauwezi kuikagua.

Tume ilitoa ripoti Oktoba 2012 ikiwa na mapendekezo 75, bila kumpata muuaji mmoja. Walitaja joto la maji, magonjwa, mabadiliko ya bahari na mengine yanayofanya kazi kwa pamoja. Kwa maoni yetu hilo ni jibu la haki. Na jambo la kuigwa ni kwamba ripoti zake za kiufundi zilipitiwa na wahakiki, na maoni yao pamoja na majibu ya waandishi yakaambatishwa ili kila mtu asome.

Kuna mahali muuaji alipatikana. Katika vijito vya mijini karibu na Seattle, samoni aina ya koho walikuwa wakifa mvua ikinyesha, kabla hawajataga, huku binamu zao chamu wakiogelea palepale wazima. Desemba 2020 watafiti walitangaza kwamba chanzo ni 6PPD-kwinoni, kemikali inayozaliwa pale dawa ya kulinda mpira wa matairi inapokutana na ozoni. Makadirio ya kwanza ya kiwango kinachoua nusu ya koho yalikuwa kama mikrogramu 0.8 kwa lita. Kemikali safi ya kulinganishia ilipoanza kuuzwa, walewale wakapima upya, wakatangaza 2022 kwamba ni nanogramu 95 (mikrogramu 0.095) kwa lita, yaani sumu ni kali zaidi mara nane hivi. Makala ya kwanza ilikuwa imehakikiwa ipasavyo. Hakuna mhakiki ambaye angeligundua hilo, kwa sababu kipimio chenyewe hakikuwa sokoni. Darasani hili lafundisha kuliko mfano wowote wa kitabuni.

Kwetu Siaya wazee husimulia ningu waliokuwa wakipanda Mto Nzoia na Yala wakati wa mvua. Utafiti wa samoni utatusaidia nini?
*Msomaji, Umoja*

Utatusaidia sana, maana ningu naye hutoka ziwani kupanda mto kuzaa. Nyavu za kutega ziliingia Ziwa Victoria 1905, na zilipotandazwa kwenye milango ya mito ziliwanasa wazazi kabla ya kutaga. Utafiti wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa ziwa ulifanywa na Michael Graham 1927 hadi 1928. Shirika la kuunganisha nchi za ziwa, LVFO lenye makao Jinja, likaja 1994. Katikati hapo hesabu za ningu zimekatikakatika.

Kosa ambalo watafiti wa samoni wamelijua kwa uchungu, nasi tunalirudia, ni kupima hali ya samaki kwa mavuno ya kila wavu kwa siku. Samaki wa kuhama hujikusanya mahali pamoja. Hata wakibaki robo, siku ya kupanda bado watajazana mlangoni mwa mto, na wavu utatoka umejaa. Mavuno hubaki mazuri hadi karibu na mwisho, kisha hukatika ghafla. Kwa hiyo ningu wahesabiwe juu mtoni, walikopita nyavu, katika misimu yote miwili ya mvua, na vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vinavyosimamia fuo, viandike pia siku ambazo mitumbwi ilitoka ikarudi mitupu.

Maabara ya nje inataka vipande vya mapezi ya ningu kwa uchunguzi wa vinasaba. Tunavitumaje?
*Mtafiti, Kangemi*

Kwanza karatasi: leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha kufikia rasilimali za kijenetiki, na mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema nani ana haki ya kuzitumia baadaye. Anzeni mapema. Majarida mengi huuliza namba za vibali, na mswada usio nazo hurudishwa kabla hata ya mhakiki kuuona.

Kisha kipande cha milimita 5, kwenye chupa ndogo yenye ethanoli ya asilimia 95, kioevu kiwe angalau mara tano ya nyama, kibadilishwe baada ya siku moja kwa sababu maji ya pezi huipunguza nguvu. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi iliyo ndani ya chupa, maana wino hufutwa na ethanoli. Mkasi usafishwe kati ya samaki na samaki. Kwa ndege, kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, huruhusu sampuli kama hizo ikiwa kila chupa haizidi mililita 30 na kifurushi hakizidi lita 1, ila kampuni ya usafirishaji iambiwe mapema.

Mhakiki wa kwanza anasema tufute data za kabla ya 1990 kwa kuwa mbinu ilikuwa duni. Wa pili anasema ndizo uhai wa makala. Tumtii yupi?
*Msomaji, South B*

Msimtii yeyote kabla ya kufanya uchambuzi mara mbili, mara moja mkiwa nazo na mara moja bila. Mteremko ukibaki uleule, wekeni zote na mtaje hivyo. Ukibadilika, hilo sasa ni tokeo la makala yenu na linastahili grafu yake. Kuanza 1990 kuna hatari ya kuuchukua mto ambao tayari ulishapungukiwa na kuuita wa kawaida. Kuzitumia za kale kama zilivyo kuna hatari ya kulinganisha macho ya mtu kando ya mto na sona. Kama kuna miaka ambayo mbinu zote mbili zilitumika pamoja, tafuteni uwiano wake hapo na mrekebishe za zamani, mkipanua mipaka ya uhakika.

Barua ya majibu inukuu kila hoja neno kwa neno, jibu chini yake, na namba ya mstari uliobadilishwa. Pale wahakiki wanapopingana, mwandikieni mhariri aya moja mwanzoni mkieleza mmechagua nini na kwa nini, naye ndiye mwamuzi.